Pole kwa Kufikirishwa

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba ni siri, la. Ni kwamba sheria ya kule inamtaka kila anayelitaja asimame wima mpaka amalize sentensi, na mimi goti langu siku hizi lina mambo yake, tena nina kawaida ya kusema sentensi ndefu. Jueni tu kwamba ni nchi tulivu, yenye viongozi wapole, ambao kwa huruma zao wamewapunguzia wananchi mzigo wa kufikiri wakajitwika wao. Sisi tukiviona vile vitambi tunadhani ni kula, kumbe ni mzigo.

Katika nchi hiyo aliishi msusi aitwaye Mwajabu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kina viti vichache, kioo kimoja na mlango wa nyuma wa kuingilia kwake, na wateja walimpenda kwa sababu hasuki kwa kuvuta. Tangu asubuhi mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu, lakini kichwa chake mwenyewe kilibaki hakina kazi, na kichwa kisicho na kazi, wallahi, hakikosi pa kwenda. Basi simu aliiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele, akawa anasikiliza huku anasuka. Mteja akiondoka, anasoma. Na alikuwa na ugonjwa mmoja, kama ni ugonjwa: kitu kikimgusa hawezi kukaa nacho peke yake.

Kila Ijumaa jioni, akishafagia nywele, aliwatumia watu wa grupu lake kitu kimoja cha kusoma na kimoja cha kutazama. Grupu aliliita Tafuna Taratibu. Wiki hii kisa cha mzee aliyehamia mji mgeni akajifunza majina ya ndege kabla ya majina ya majirani, wiki ijayo video ya mabinti viziwi wanaocheza ngoma kwa kuisikiliza sakafu kwa nyayo. Hakuwa na makuu. Waliosema kizuri kula na nduguyo hawakusema lazima kiwe pilau.

Shida ni kwamba nduguze hawakuwa wakila. Alitumiwa maua. Alitumiwa vile viganja viwili vilivyobanwa. Aliambiwa, "Asante dada, nitaisoma nikitulia," na katika nchi ile tulivu hakuna aliyewahi kutulia. Hayo aliyazoea. Aliyemuuma ni mumewe, Bwana Shekue, maana yeye alijibu upesi kuliko wote. Linki haijafika sawasawa, viganja hivyo. Mwajabu alikuwa akimtazama amekaa palepale kitandani, kidole kinabonyeza viganja, sikio liko kwenye redio. Mara nyingine alijisikia kulia, kisha anajiambia kwamba mtu mzima halilii linki.

Tusimlaumu sana Bwana Shekue. Alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye sare na filimbi, na kazi yake ilikuwa nzito. Zamani yalizuka mafua ya mbuzi upande wa magharibi, serikali ikaweka kizuizi barabarani ili mbuzi wagonjwa wasipite. Mafua yakaisha, daktari wa mifugo akastaafu, akafa, akasahauliwa, kizuizi kikabaki. Kila gari lilisimama. Bwana Shekue anatoka kibandani, anamuuliza dereva kama ana mbuzi. Dereva anasema hana. Filimbi inapulizwa, mti unainuliwa, gari linapita. Wenye mbuzi walipita porini, nyuma ya kibanda, na wakipita walimsalimia. Miaka yote hiyo hakuna dereva aliyewahi kusema anaye, na Bwana Shekue aliuona huo kuwa ushahidi kwamba kizuizi kinafanya kazi.

Basi, Ijumaa moja Mwajabu akatuma kisa cha daraja.

Kilikuwa kifupi, hata bando hakikula. Kilisimulia mji fulani wa mbali wenye daraja zuri la mawe. Mto wa mji huo ulihama njia yake zamani, ukapita kwingine, daraja likabaki limesimama juu ya mchanga mkavu. Lakini watu waliendelea kupanga foleni kulivuka, wakisukumana, na mmoja akithubutu kupita chini kwenye mchanga, wenzake walimpigia kelele kwamba atazama. Mwishoni paliandikwa swali: Na ninyi, daraja lenu liko wapi?

Maua yakaja, viganja vikaja. Na hapo mambo yangeishia, kama si mke wa Waziri wa Utulivu. Mama huyu alikuwa anasukwa kwa Mwajabu, akawa ndani ya grupu, na siku hiyo alitaka kumtumia mumewe picha ya mapazia. Kidole kikateleza. Mheshimiwa Dakta Kizibo, akidhani ni salamu za pongezi, maana ndizo alizozoea kutumiwa, akafungua akasoma mpaka mwisho.

Alikutwa sebuleni. Chai imepoa mpaka imefanya ngozi juu. Mkono uko chini ya kidevu. Mkewe akamuuliza ana nini, naye akasema, "Hivi kwa nini sisi..." kisha akanyamaza. Lo! Mtu aliyehutubia taifa miaka na miaka, ambaye hajawahi kuanza sentensi asiyoandikiwa mwisho wake, leo kaanza moja na mwisho haupo! Mama akapiga yowe, walinzi wakaingia, gari la wagonjwa likaitwa. Madaktari wakampima moyo, presha, sukari, wakakuta viko sawa. Hawakuona ugonjwa wowote isipokuwa kwamba mgonjwa anatazama ukuta kama anayeuona mara ya kwanza.

Baraza la Mawaziri likaitwa kwa dharura. Walizungumza mengi, na ningewasimulia yote kama nisingeogopa mtasinzia, lakini aliyepatia ni Waziri wa Heshima na Mapambo. Alisimama, akafuta jicho, akasema, "Waheshimiwa, mwenzetu aliachwa peke yake na wazo." Ukumbi mzima ulizizima. Maana watu wa nchi ile, pamoja na yote, wana utu, na mila yao haimruhusu mtu kuachwa peke yake na msiba. Ukifiwa, majirani wanaleta mikeka, wanaleta dele la kahawa, wanalala kwako mpaka matanga yaanuliwe. Na kama ndivyo kwa msiba wa kawaida, ambao kila mtu ameuzoea, itakuwaje kwa wazo?

Ndivyo ilivyopitishwa Sheria ya Kutomwacha Mtu Peke Yake na Wazo. Tangu siku hiyo, mwananchi akipatwa na wazo anakaliwa matanga. Turubai linafungwa uani kwake kwa gharama ya serikali, wanaume nje, wanawake ndani, kahawa chungu bila sukari. Kila anayeingia anampa mkono na kumwambia, "Pole kwa kufikirishwa." Anatumwa Mfariji wa Kata, na huyo hana ruhusa ya kuondoka siku ya kuanua mpaka wazo lipite. Siku hiyo mfikirishwa anasimama mbele za watu na kutamka, "Limepita." Watu wanapiga makofi, turubai linakunjwa. Mheshimiwa Kizibo alikuwa wa kwanza kukaliwa, na alisema limepita kabla mfariji hajamaliza kumuuliza, akapandishwa cheo papo hapo. Mkewe anasema siku hizi msalani anakaa sana, lakini hilo ni la nyumbani kwao.

Mwajabu akaitwa ofisi ya kata. Alikwenda akidhani ni jela. Wapi! Alipewa kiti na soda. Bwana Mfaume, Mfariji wa Kata, mtu mnene mwenye sauti ya asali, alimwambia asiwe na hofu, nchi yao si ya kukamata watu. Walikuwa wanamhurumia tu. Hawakumkataza kutuma, kukataza ni mambo ya nchi nyingine. Ila kwa kuwa yeye ni Chanzo, atahudhuria matanga ya kila aliyefikirishwa na vitu vyake, akae mkekani karibu na mgonjwa, amwombe radhi. Na ikitokea mgonjwa mmoja, mmoja tu, akakataa kuanua, basi laini yake itafungwa maisha na grupu litazikwa.

Mwajabu alirudi nyumbani kichwa kinauma. Jela angeivumilia, kule kuna watu wa kuzungumza nao. Lakini bila laini hakuna grupu, na bila grupu angebaki na mawazo yake ndani ya chumba kimoja, yeye na mume anayezungumza na redio. Hilo ndilo lililomtisha. Hata maua yale, yale yaliyokuwa yakimuudhi, aliyaona sasa kuwa ni kitu.

Aliyefuata kufikirishwa ni Fundi Hizza, mtengeneza baiskeli. Mkewe alimkuta ameshika mnyororo, hafungi wala hafungui. Turubai likaletwa, mtaa ukajaa, Mwajabu akakaa mkekani kajitanda kanga nyeusi, na mumewe, kwa kuwa ni mume wa Chanzo, akapangiwa kumimina kahawa upande wa wanaume.

Sasa, serikali ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa watu walivyo. Nani amewahi kukaa matangani asiulize marehemu alikufa na nini? Ilikuwa ni marufuku kulitaja wazo, na kila mtu alijua, kwa hiyo walilitaja kwa kunong'ona. Mmoja aliuliza, "Masikini Hizza, hivi alifikiri nini?" Mwenzake akamwinamia akamsimulia daraja. Yule kikombe kikamgandia mkononi. Kesho yake turubai limefungwa kwake. Waliokwenda kumpa pole huko nao wakauliza alifikiri nini. Haikuchukua muda, kila mtaa ukawa na turubai, mitaa mingine mawili. Kufa kufaana, wakodisha viti wakajenga nyumba. Watu walitoka matanga wakaingia matanga, na kwa kuwa kifo cha wengi harusi, wakaanza kuvaa vizuri wakienda. Waliokuwa wakisema watasoma wakitulia, wakatulia, maana sheria iliwatuliza mkekani. Redio ya taifa ikatangaza kwamba hali ya kufikiri imedhibitiwa, na mtangazaji mwenyewe wiki iliyofuata akakaliwa.

Wote hao waliishia kusema limepita. Waliogopa, wana watoto. Lakini ukiwatazama machoni ulijua kwamba lililopita ni neno tu.

Bwana Shekue alimimina kahawa katika matanga yale yote. Alikuwa anasikia vipande. Hapa daraja, pale mchanga, kwingine foleni. Siku moja alikwenda kazini kama kawaida, lori la saruji likaja, likasimama. Akamuuliza dereva kama ana mbuzi, dereva akasema hana. Bwana Shekue akaweka filimbi mdomoni, akaitoa. Akamuuliza dereva kama tangu aanze kupita pale amewahi kuwa naye. Dereva akasema yeye hubeba saruji. Nyuma ya kibanda, mchungaji mmoja anapita na kundi lake, akampungia mkono. "Shikamoo, Bwana Shekue." Bwana Shekue akaitikia marahaba, kisha akakaa chini barabarani. Foleni ilifika sokoni. Mwishowe madereva wenyewe waliinua mti, wakashangaa kuona ni mwepesi, na wawili wakamleta mzee nyumbani wamemshika mikono.

Mwajabu alimkuta ameketi kitandani na sare yake, kiatu kimoja mguuni. Redio ilikuwa imezimwa. Alimuuliza ameumia wapi, naye akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Subira," alisema, "lile la daraja ulinitumia na mimi?"

"Nilikutumia. Ulinijibu viganja."

Hakubisha. Alichukua simu yake, akaanza kulitafuta. Mwajabu alirudi saluni, maana alimwacha mteja nusu kichwa, lakini kabla ya kushika kitana akachungulia kupitia pazia la mlango wa nyuma. Alimwona mumewe amelipata, anasoma, midomo inacheza. Akamaliza. Mwajabu alidhani ataweka simu chini. Hakuweka. Akapandisha juu kidogo, akafungua lililotangulia. Akapandisha tena. Yule mzee na ndege wake. Kisa cha mama aliyeandikia barua mti. Mabinti viziwi, hao aliwatazama mara mbili, na Mwajabu akaona ule mguu usio na kiatu umewekwa bapa sakafuni, unatafuta mlio. Miaka ya Ijumaa, yote, alikuwa anaipanda moja moja. Mwajabu aliachia pazia akalia pale pale, mteja akadhani kafiwa, na kwa mujibu wa sheria hakukosea sana.

Madereva walisharipoti. Jioni hiyo hiyo turubai likafungwa uani kwao.

Lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa safari hii Chanzo na mgonjwa wako nyumba moja. Mtaa mzima ulikuja, Fundi Hizza akaja na benchi lake, na wachungaji wa mbuzi walikuja na kusimama nje ya geti kwa adabu. Mwajabu alikaa mkekani moyo umegawanyika. Miaka yote ameomba mtu mmoja tu, hasa huyu, aguswe na kitu alichomtumia. Leo kaguswa, na yeye ndiye anayetakiwa kuomba limpite. Usiku wa kuamkia siku ya kuanua hakuomba kitu chochote, alishindwa ajipangie nini. Asubuhi, alipompelekea uji, alimnong'oneza aseme tu, ni neno moja, halina mfupa. Bwana Shekue akaomba uji uongezwe sukari.

Bwana Mfaume aliwasili na kipaza sauti, dereva, na kijana wa idara ya mawasiliano aliyekuja na kompyuta ndogo, kidole kiko tayari. Alishuka, akajifuta jasho, akahutubia.

"Ndugu wafiwa," alisema, "samahani, ndugu wafikirishwa. Serikali yenu inalia pamoja nanyi. Wazo ni jambo linaloweza kumpata yeyote, tajiri kwa maskini. Hata wakubwa wetu limewahi kuwapitia karibu. Lakini mwananchi mwema hulipisha likapita, akarudi kazini. Bwana Shekue, kizuizi kinakungoja, magari yanapita hovyo, na hatujui yamebeba nini. Simama, baba, utuambie. Limepita?"

Bwana Shekue alisimama. Alikuwa amevaa kanzu, na bila sare alionekana mdogo. Aliomba aulize swali kwanza. Bwana Mfaume akamwambia kwa upole kwamba swali ni dalili.

"Basi sitauliza," alisema Bwana Shekue. "Halijapita. Nimewauliza watu wa nchi nzima kama wana mbuzi, na mbuzi wananipita mgongoni wananisalimia. Halijapita, na sitaki lipite."

Uani kahawa ilisikika ikimiminwa. Akamgeukia mkewe.

"Mama Subira, najua nimekufungia laini. Nisamehe. Na ya nyuma pia unisamehe. Lakini nilikuwa sijashiba. Kuna jingine?"

Bwana Mfaume akatoa ishara. Kijana akabonyeza. Simu za uani zima zikalia mlio mmoja mfupi, na Tafuna Taratibu ikafutika kwenye kila simu, pamoja na maua yake na viganja vyake na Ijumaa zake zote. Mwajabu aliitazama simu yake, kioo kimeandika kwamba hakuna mtandao, akahisi kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Machozi yakamdondoka, hakuyafuta.

Kisha akainua macho. Watu walikuwa wamekaa. Hakuna aliyenyanyuka, hakuna aliyekuwa na haraka, kahawa ilikuwa ya moto, jua limezuiwa na turubai la serikali, na wote, pamoja na wale ambao kwa miaka hawakupata nafasi ya kutulia, walikuwa wanamtazama yeye. Mumewe bado amesimama, anasubiri jibu.

"Lipo," alisema Mwajabu. "Nililiona jana kabla hawajaja. Kaa nikusimulie."

Bwana Mfaume alikuwa ameshaanza kuelekea garini, lakini dereva wake, ambaye alikuwa anaijua sheria, alimkumbusha kwa heshima kwamba wazo halijapita. Mfariji akatazama gari, akatazama saa. Akavua viatu, akakanyaga mikeka, na kwa kuwa alizoea kukaa mbele, akajibwaga mbele kabisa na ule unene wake. Mwajabu akaanza: palikuwa na mji ambao saa yake ya mnara ilisimama, na watu badala ya kuitengeneza wakaanza kupanga maisha yao kwa kuifuata. Hakufika mbali, Bwana Shekue akamgusa mfariji begani.

"Bwana," alisema, "sogea kidogo upande. Nataka kumsikia mke wangu."